Besi ya Hamissi

Mume wangu aling'oa mlango wa chumba cha kulala Jumatatu, na mlango wa mbele akaung'oa Jumatano. Jumanne ilipita katika kunibembeleza. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani tuliingiliwa na wezi, au askari, au waasi. Vita ilikuwepo, ndiyo. Ilikuwa mwaka 2003, mabomu yanateremka kutoka milimani kila walioko huko wanapojisikia, na Bwiza nzima, mtaa wetu hapa Bujumbura, watu wanaongeza makufuli. Mlango mmoja, makufuli matatu. Hamissi wangu akaona huo ndio wakati mzuri wa kuishi bila mlango.

"Ni siku mbili tu, Mama Asiya," akaniambia.

"Na hizo siku mbili nitafunga na nini?"

"Na pazia."

Pazia! Nilimwangalia huyu mwanaume niliyekaa naye miaka ishirini na mbili, niliyemzalia Asiya ambaye sasa yuko kwa mume wake Rumonge, nikajiuliza kama kichwa chake bado kiko mahali pake. Kilikuwepo. Shida ilikuwa kile kilichomo ndani yake.

Hamissi alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilikuwa hapo hapo mbele ya nyumba, na siwezi kumdhulumu sifa yake: hakuna redio iliyomshinda. Wakati wa vita redio zilikuwa hazilali, kila mtu anataka kujua wamepigana wapi na wamesaini nini, kwa hiyo kazi ilikuwepo. Wanawake wenzangu walikuwa na waume walevi, wengine waume wa kukimbilia sketi, na hao unajua pa kuwashikia. Wangu alipenda besi. Ile sauti nzito ya chini, inayokupiga tumboni kabla haijafika masikioni. Utamwambia nini mwanaume anayekusaliti na sauti?

Na hakupenda besi ya kawaida kama watu wengine, ile ya kununua kwenye sanduku. Hapana. Kwake yeye sanduku ni uongo. "Besi ya ndani ya sanduku imefungwa," alikuwa ananieleza huku mimi napepeta mchele. "Inatoka inavuma kama mtu mwenye mafua. Besi ya kweli inataka ubao mpana tu. Unatoboa, unapachika spika, mbele wazi, nyuma wazi. Inapumua."

Spika alishazipata, nne, kubwa kama sinia za pilau, kutoka bar moja ya Uvira, upande wa Kongo, iliyofungwa kwa sababu wateja wake wote walikimbia. Ubao ndio ulikosekana. Mbao za Kongo zilikuwa hazivuki, triplex, ile mbao nyembamba ya kubandikwa, mjini imeadimika kabisa. Ndipo akainua macho, akaiona milango yangu. Milango ya mbao za libuyu, mizito, aliyotuchongeshea marehemu baba yangu tulipojenga. Namegabe, seremala Mkongo kutoka Bukavu aliyekuwa anapanga chumba chetu cha uani, ndiye aliyekata matundu, mawili kila mlango, na kila alipovuta msumeno alikuwa ananiomba msamaha.

"Unisamehe, Mama Asiya. Mi niko fundi tu."

"Kata, Namegabe," nikamwambia. "Ukimaliza hiyo, kata na kitanda."

Basi milango ikasimamishwa kwa miguu ya mbao katikati ya saloni, pale tunapokaribisha wageni. Siyo pembeni, siyo ukutani. Katikati! Hamissi alisema ikiegemezwa ukutani sauti ya nyuma inakosa nafasi na besi yote inakufa. Alipima wiki tatu kwa kamba na chaki, asubuhi anaisogeza kidole kimoja, jioni anairudisha. Uso wa milango uliangalia barabarani, mgongo uliangalia uani, na mtu akitaka kupita lazima azunguke. Kiti peke yake ndicho sikukubali kihame: kile kikubwa chenye kitambaa nilichoshona kwa mkono, kimekaa ukuta wa pembeni, mbali na mlango, ubavuni mwa hayo madude. Ni kiti cha mgeni wa heshima. Kwetu mgeni mkubwa hakai karibu na mlango, na akishakaa pale hahamishwi. Mkwe akija anakaa pale, maalim akija anakaa pale.

Siku ya kujaribu, saa tisa mchana, umeme umerudi, nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho hicho nachambua maharage. Hamissi akaweka kanda yake ya rumba, ile aliyoirekodi redioni, akafungua ampli, ile mashine ya kukuza sauti, taratibu. Nikasikia mwimbaji anaimba kwenye vispika vidogo vya redio yake. Gitaa. Basi.

"Ndiyo hiyo tu?" nikamuuliza. "Kwa hiyo ndiyo tumelala na pazia?"

Akacheka, akaniita kwa kidole. "Njoo hapa mbele."

Nikainuka, nikapiga hatua mbili, nikawa mbele ya milango yangu. Subhanallah! Tumbo langu lilicheza peke yake. Vikombe kabatini vikaanza kugongana. Nilirudi kinyumenyume mpaka kwenye kiti, na besi ikanyamaza. Nikaenda tena, ikanikamata. Mwanamke mzima, naenda narudi, na ungo wa maharage mkononi.

"Sauti ya mbele na sauti ya nyuma hazipatani," Hamissi akanieleza, uso wote unang'aa. "Moja inasukuma, ingine inavuta. Pembeni zinapokutana, zinamalizana. Aliyekaa ubavuni hasikii kitu. Mbele na nyuma ndiyo kuna moto."

Moto ulikuwepo kweli, lakini barabarani. Tulisikia kelele, nikasukuma pazia, nikaona avenyu nzima inakimbia. Irène, jirani yangu wa ng'ambo, mbio, godoro kichwani na sufuria bado ina moshi. "Mabomu!" anapiga kelele. "Mama Asiya, toka, mabomu yamefika!" Nilipomwambia ni Hamissi alisimama sekunde moja, besi ikapiga tena, akaona bora akimbie.

Walikimbilia shuleni, familia arobaini. Na hapo ndipo Ildephonse anapoingia. Ildephonse alikuwa shefu wa kartie yetu, yaani mkuu wa mtaa, mtu wa daftari. Akawaandika wote, wakimbizi, jina kwa jina. Kesho yake shirika moja la wazungu likaleta blanketi, maharage na mafuta. Watu walirudi nyumbani na blanketi mpya, wameshajua kabisa ni muziki wa nani. Mnafikiri walikuja kugombana na sisi? Wiki iliyofuata Irène alikuja polepole, akakaa, akasifu kitambaa changu, halafu akauliza: "Hamissi atapiga tena siku gani?"

Akapiga Alhamisi. Wakakimbia Alhamisi. Safari hii wengine walikuwa wameshafunga magodoro tangu asubuhi. Ildephonse alikuwa amefika shuleni kabla yao, kalamu imeshafunguliwa. Sisi wenyewe hatukupata hata blanketi moja, maana sisi hatukukimbia.

Mimi nilikuwa nacheka, sitasema uongo. Nililia pazia, nikacheka mengine yote. Kicheko kilinikatika siku Ildephonse alipokuja mwenyewe, hana daftari, jasho linamtoka.

"Hamissi, kuna tatizo," akasema. "Pale kwenye posti ya jeshi, askari wanahesabu. Wamehesabu mabomu thelathini na nne yametoka kwenye avenyu hii. Na hawajaona hata moja imeangukia wapi."

"Si mabomu," Hamissi akasema. "Ni muziki. We unajua ni muziki."

"Mi najua, mi najua. Mais kwenye rapoti niliandika mabomu. Ningeandika muziki, nani angetoa blanketi kwa sababu ya muziki?" Akajipangusa shingo. "Donc Komanda anakuja kesho kuangalia. Akisikia ni muziki, sawa. Asiposikia, atasema umeficha mutambo wa waasi ndani ya nyumba. Na kamioneti anakuja nayo."

Hakuna aliyeuliza kamioneti, lile gari la jeshi, ni ya nini. Mwaka ule kila mtu alikuwa na jina la mtu aliyepandishwa kwenye kamioneti. Wengine walirudi. Mtoto wa shangazi yangu hakurudi. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nikamwomba Mungu besi ya mume wangu ipige kwa nguvu zake zote. Sikutaka kitu kingine. Nilitaka Komanda asikie, aondoke, na Hamissi abaki.

Komanda alifika saa nane na nusu na askari wawili. Alisimama nje kidogo akitafuta mahali pa kugonga, akakosa, akaingia. Mwanaume mnene, kofia imekaa sawasawa, Kiswahili cha kambini. Nyuma yake Ildephonse na daftari. Nyuma ya Ildephonse, barabarani, avenyu nzima, maana nyumba isiyo na mlango ni sinema ya bure. Namegabe alikuwa ndani na sisi, nilimwomba awe shahidi.

Na mimi, mimi mwenyewe na mdomo wangu huu, nikasema: "Karibu, Komanda. Karibu ukae."

Mkono wangu ulikuwa umeshaelekea kwenye kile kiti. Miaka ishirini na mbili mkono unaonyesha kiti hicho, haukuniuliza. Komanda akakaa, akaegemea kitambaa, akapanua miguu. Ubavuni kabisa mwa milango. Nilimwangalia Hamissi, Hamissi akaniangalia, na nikaona damu imemtoka usoni.

"Komanda," nikasema, "hapa mbele kuna hewa nzuri zaidi. Tukuletee kiti kingine hapa?"

"Hapa niko sawa."

"Ni joto hapo, Komanda. Na hicho kiti springi zake..."

"Mama!" Ildephonse akanikata, macho yamemtoka. "Unamuhamisha mugeni kwenye kiti?"

Watu barabarani wakaguna. Mwanamke anamfukuza mgeni wa heshima kwenye kiti chake! Hata mkwe sijawahi kumwambia asogee hata akikalia miwani yangu, nitamwambiaje mtu mwenye bunduki mbili nyuma yake?

"Piga hiyo kitu," Komanda akasema.

Hamissi akapiga. Rumba ikaanza, gitaa, mwimbaji, halafu besi ikaingia. Namegabe alikuwa amesimama mbele, nikaona suruali yake inatikisika magotini. Chokaa ikadondoka kutoka darini kama unga. Kikombe kikatembea peke yake juu ya kabati, kikafika ukingoni, kikaanguka, kikavunjika. Barabarani watoto wakapiga makofi.

Komanda alikunja uso. "Nasikia mutu anaimba," akasema. "Iko wapi ile boum-boum?"

"Ndiyo hiyo, Komanda," Hamissi akasema.

"Mi sisikii." Akageukia askari wake mmoja, aliyesimama mbele ya mlango wa libuyu mpaka meno yake yanagongana. "We unasikia?"

Askari alimwangalia mkubwa wake. "Apana, Komanda. Si-si-sisikii."

"Shefu?"

Ildephonse alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili lisimtoke. Alifikiria kidogo. Nilimwona anafikiria, nikajua anahesabu zile familia arobaini shuleni, na rapoti, na sahihi yake chini ya rapoti. "Mi pia sisikii kitu, Komanda," akasema. "Kimya kabisa."

"Ildephonse!" nikapiga kelele. "Kitambi chako kinacheza hapo!"

"Ni njaa, mama."

Nikageukia barabarani. "Irène! Nyinyi wote! Si mnasikia?"

Irène aliangalia chini. Kila aliyekuwa pale alikuwa na blanketi nyumbani. Avenyu nzima inatetemeka, na hakuna mtu anayesikia kitu. Namegabe peke yake alinyoosha mkono, akasema yeye anasikia, na Komanda akamuuliza kitambulisho chake cha Burundi kiko wapi. Akashusha mkono.

Sasa Hamissi, badala ya kunyamaza, akaamua kufundisha. Yarabi, nilitamani nimzibe mdomo na pazia.

"Komanda, nikueleze vizuri. Kuna sauti ya mbele na kuna sauti ya nyuma. Hizo mbili ni maadui. Zinapigana. Zikikutana pembeni zinamalizana, kwa hiyo wewe uliyekaa pembeni unaona kuko amani."

Komanda akainua kidole.

"Rudia. Wa mbele ni nani?"

"Ni sauti, Komanda."

"Na wa nyuma? Na huyo aliyekaa pembeni anakula kimya wakati wengine wanapigana, huyo ni nani?"

"Ni... ni wewe, Komanda. Kwa sababu ya kiti."

"Andika," Komanda akamwambia Ildephonse. Halafu akawaambia askari: "Mashine haina besi. Kwa hiyo mabomu yanatoka kwingine humu ndani. Mumupandishe."

Askari mmoja akamshika Hamissi mkono. Na huyo mume wangu, badala ya kupiga magoti, alinyoosha mkono wake uliobaki kwenda kupunguza ampli, eti spika zisiungue wakati hayupo. Niliona ule mkono, nikaona hasira yote ya ndoa yetu inanipanda mara moja. Nilikuwa naogopa mpaka naona giza, na bado nilitaka kumzaba kofi.

Mgeni hahamishwi. Sawa. Milango je? Milango ni yangu.

Nilikwenda mpaka kwenye ule uliokuwa mlango wa mbele wa nyumba yangu, nikauwekea kiuno, nikasukuma. Miguu yake ikakwaruza sakafu.

"Mama Asiya, usiguse!" Hamissi akapiga ukelele ambao hakuupiga kwa ajili ya maisha yake. "Nimepima wiki tatu!"

"Nyamaza, we mwendawazimu!"

Nikasukuma tena. Mlango ukageuka, spika zote mbili zikamwangalia Komanda usoni, hatua moja na nusu. Na rumba ikafika pale inapoteremka, pale mpiga besi anaachiwa nafasi yake. Nikaufuata ule mkono wa Hamissi kwenye ampli, nikaifungua mpaka mwisho.

Sikumwona Komanda akishuka. Kiti kilikuwa na mtu, halafu kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa chini kwenye mkeka wangu, kifudifudi, mikono kichwani, kofia imeviringika mpaka chini ya kabati. Askari wote wawili chini. Ildephonse chini ya meza. Barabarani avenyu nzima chini, wamelaliana. Waliobaki wamesimama ni mimi, Hamissi na Namegabe. Hamissi akazima.

Nilitaka kucheka, sikuthubutu. Ukweli ulikuwa umeonekana, lakini mkubwa alikuwa kifudifudi mbele ya wauza mboga, na mkubwa aliyelala kifudifudi hamshukuru aliyemlaza. Askari walikuwa wanamwangalia wasijue wainuke au wasubiri.

Komanda hakuinuka. Alishusha mikono pole pole kutoka kichwani, akaanza kugusa sakafu, huku na huku. Akainamisha kichwa, akatazama chini ya mlango wangu.

"Miguu ni ya mbao," akasema.

"Ya mbao, Komanda!" Namegabe akajibu upesi, Mungu ambariki. "Mi ndiye niliyeichonga."

"Nilikuwa nahakikisha chini."

"Chini kuko safi, Komanda!" ikatoka sauti ya Ildephonse chini ya meza. Askari nao, bado wamelala, wakasema chini kuko safi. Barabarani wakadakia, chini kuko safi, chini kuko safi, kila mmoja anapangusa vumbi mbele yake kama naye alikuja kukagua sakafu.

Basi akainuka, akavaa kofia, akasimama mbele ya mlango. "Piga tena. Taratibu." Hamissi akapiga. Komanda alisikiliza, mkono tumboni. Uso wake uliokuja umefungwa ukaanza kufunguka, shavu moja, halafu la pili. Alifumba macho. Kanda ilipoisha akasema ni kweli, ni muziki, aliusikia tangu mwanzo. Askari wakasema hata wao. Ildephonse akafuta mstari kwenye daftari.

"Hii kitu inachukuliwa," Komanda akasema. "Kwa uchunguzi."

"Inakwenda posti?" Ildephonse akauliza.

"Inakwenda kwangu."

Aliishi avenyu ya tatu kutoka kwetu, karibu na uwanja wa mpira. Askari akauliza: "Na huyu mutu?" Komanda alimwangalia Hamissi kama vile amemsahau. "Mutu wa nini? Abaki."

Abaki! Nilikaa pale pale kwenye kiti cha mgeni, nikalia kwa furaha bila haya. Nilisamehe milango, nilisamehe pazia, nilimsamehe hata Irène. Wakabeba milango yangu, wakabeba ampli, wabebe na nyumba wakitaka. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mkeka wake, mzima, na jua la saa kumi linamwangazia.

Nilipofuta macho hakuwepo kwenye mkeka.

Alikuwa nje, nyuma ya kamioneti, ameshika mguu wa mlango. "Komanda, samahani," anasema. "Utaisimamisha wapi?"

"Nitaiegemeza ukutani. Sitaki vitu katikati ya saloni."

Hamissi alipokea hilo neno kama mtu aliyeambiwa msiba. "Ukutani," akasema. "Ukutani itakufa!" Na akaweka mguu mmoja juu ya gurudumu.

Nilifika mbio, nikamkamata shati. "Hamissi! Shuka! Tangu jana naomba kwa kila nabii usipande hiyo kamioneti, na wewe unapanda mwenyewe?"

"Mama Asiya, wataiegemeza ukutani." Aliniangalia na macho ya mtu mwenye akili zake zote. "Narudi. Nikishaipanga narudi."

"Wote walisema wanarudi!"

Kamioneti ikaondoka. Kifungo cha shati kikabaki mkononi mwangu, na Hamissi akaenda amesimama kati ya askari wawili, ameukumbatia mlango usije ukayumba.

Mwisho wa avenyu watu hawakusikia mazungumzo. Waliona kamioneti, askari, na Hamissi. Hata nusu saa haikupita mikeka ilikuwa imeshatandikwa kwangu. Irène alileta chai analia kweli kweli. Wanaume walikaa mbele ya nyumba, maalim akafika, mtu akauliza kama Asiya ameshapelekewa habari Rumonge.

"Alipanda mwenyewe," nikawaambia. "Kwa miguu yake. Amekwenda kupanga spika."

"Ndiyo, mama," wakasema. "Pole, mama. Kunywa chai."

Walikuwa wanatazamana. Ildephonse alikuja na daftari, akachuchumaa mbele yangu kwa heshima zote, akaniandika kwenye orodha ya wajane. Wajane wanapata blanketi mbili, akanieleza, na mafuta lita tano. Nilimtukana matusi ambayo sitayarudia hapa, na yeye akatikisa kichwa kwa huruma, akawaambia wenzake ndivyo uchungu unavyoanza.

Lakini saa kumi na moja ikafika, Hamissi hajafika. Kutoka kwetu mpaka uwanja wa mpira ni mwendo wa dakika kumi. Nikaanza kukumbuka. Mtoto wa shangazi yangu naye alipanda anacheka, anawapungia watu, alikuwa anakwenda kuwaonyesha kitu tu. Komanda alilala kwenye mkeka wangu, watu mia moja walimwona. Mtu kama huyo anasahau? Au alisema abaki kwa sababu ya macho ya watu, na sasa macho hayapo? Maalim akaanza kusoma taratibu, na wanawake wakaanza kulia, na mimi niliyekuwa nawatukana nikajikuta nalia pamoja nao, nguo imenijaa mdomoni. Nililia mtu wangu. Nilitamani aje aing'oe hata ile milango iliyobaki, madirisha, paa, apange besi mpaka kitandani, awepo tu.

Ndipo ikapiga. Mara mbili, nzito, kutoka upande wa uwanja. Chai ikatetemeka vikombeni. Mara ya tatu.

"Mabomu!" mtu akapiga kelele, na wote wakaenda chini. Maalim chini, Irène chini, Ildephonse juu ya daftari lake. Safari hii walikuwa hawaigizi, niliona mgongo wa Irène unavyopanda na kushuka. Mimi nilishika pumzi, nikasikiliza. Mbili, kimya kidogo, moja ndefu. Mbili, kimya kidogo, moja ndefu inayoteremka. Nilikuwa nimeshaisikia ndani ya nyumba yangu, ningeitambua hata kaburini. Na ilikuwa inapumua. Haikuwa ukutani.

"Mama, lala chini!" Ildephonse akanivuta nguo. "Utakufa!"

"Ni Hamissi," nikasema. "Mnasikia? Ni Hamissi, huyo mpumbavu, ni mzima!"

Hakuna aliyeinua kichwa. Nilibaki nimekaa wima katikati ya avenyu nzima iliyolala, machozi yananitiririka, namsikiliza mume wangu.